Baba, Miti Yako ya Kwari Imeshika

Mpendwa Baba,

Maneno yale niliyokuambia pale Kawangware niliyasema mbele ya watu. Walimu walikuwepo, mwalimu mkuu alikuwepo, na wengine walicheka. Kwa hiyo na haya nayasema mbele ya watu. Sijui njia nyingine.

Wewe hukuwa mtu wa barua. Uliacha shule darasa la nne, ukaja Nairobi kutoka Machakos, ile sehemu ya chini kabisa ambayo siku hizi inaitwa Makueni, ukaanza kuchonga mawe ya kujengea. Utoto wangu wote pale Laini Saba, Kibera, nilikujua kwa vumbi. Ulikuwa ukirudi jioni nyusi zako ni nyeupe kama za mzee, na Mama anakusimamisha mlangoni akupanguse na leso yake kabla hujaingia ndani. Mimi nilikuwa nangoja amalize ndipo niruke mgongoni. Uliniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Watoto wa ploti walinicheka: baba mzima anamwita mtoto mama! Sikujali. Nilijiona mkubwa.

Jumamosi moja ulinipeleka kwari, kule machimboni ulikochonga mawe. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Uligonga jiwe kwa nyundo ukaniambia nisikilize.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Nikainamia jiwe. Ukacheka, ukagonga tena, hatua moja kando, na sauti ikabadilika, ikawa nzito kidogo, kama mtu anayejibu akiwa chini ya blanketi. Ukasema, "Hapa kuna mshipa." Ukaweka patasi, ukapiga mara tatu, na lile jiwe kubwa kuliko mimi likaachana katikati bila kelele nyingi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba Baba anaongea na mawe. Mama akasema, "Angeongea na sisi pia ingekuwa vizuri." Ulikuwa mkimya, Baba. Hilo silisemi kwa lawama. Ndivyo ulivyokuwa.

Kifua kilipoanza kukusumbua, na magoti pia, uliacha kwari ukakodi kipande cha shamba kule Silanga, karibu na bwawa. Ulianza na sukuma wiki na majani ya kunde, halafu ukaingia kwenye miche ya miti. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni nasomea misitu. Nilipokuja likizo nikakuta umepanga vipande vya mabomba ya plastiki, vyembamba na virefu kama mkono, umevijaza udongo, na katika kila kimoja kuna mche mdogo kama kidole. Niliona aibu. Wenzako wote pale walikuwa na mifuko mipana, miche mirefu, majani yanang'aa. Yako ilikuwa kama vijiti.

Nikakuuliza, "Baba, nani atanunua hivi?"

Ukasema, "Hakuna. Bado inashuka."

Sikuelewa, na sikuuliza tena. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi mwaka huo, na mojawapo ni kutokuuliza.

Sasa nifike kwenye shule.

Wageni watakaosikia barua hii hawaijui, kwa hiyo niwaeleze. Ni shule ya msingi pale Kawangware, kituo cha 46, na uwanja wake uko ndani ya shimo la kwari ya zamani. Mawe yalichimbwa yakaisha, watu wakajenga juu, na lile shimo likapewa watoto. Chini ni mwamba mtupu, jiwe la kijivu lililotokana na majivu ya volkano ya zamani sana, kabla hata ya watu. Hakuna mti. Mchana wa Februari watoto walikuwa wakijibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha choo. Nilipopata kazi na kikundi kinachopanda miti mashuleni, hiyo ndiyo shule ya kwanza niliyokabidhiwa. Nilikuwa na cheti changu, na buti mpya, na kofia.

Mwalimu mkuu aliniambia wazi, "Madam, wazazi wanakuja mwezi wa saba. Usiniletee miti ya kungoja. Nataka kivuli." Nami nikaenda nikanunua majakaranda marefu kuliko mimi, ishirini na mawili. Nikakuomba wewe uje unisaidie kuchimba, kwa sababu najua hakuna mtu Kibera nzima anayeshika mtaimbo kama wewe.

Ulikuja na mtaimbo wako mwenyewe umeufunga na gunia. Ulichimba mashimo matatu. La nne hukulimaliza. Ulichota maji kwenye ndoo ukamimina katika lile la kwanza, ukachuchumaa, ukaangalia. Ukaangalia muda mrefu. Maji yalikaa pale pale kama ya kunawa. Ukaja kwangu, nikiwa nimesimama na mwalimu mkuu na walimu wake, na ukasema kwa sauti yako ya kawaida, bila ubaya wowote:

"Mwaitu, hizi ni sufuria. Mvua ikija miti itaoza miguu. Jua likija itakauka. Tutafute nyufa kwanza, halafu tuweke midogo."

Na mimi, Baba, nikaona macho ya walimu yakihama kutoka kwako kuja kwangu, na nikaogopa kuonekana sijui kazi. Nikasema, "Baba, hiki ndicho nilichosomea. Wewe ulisomea nini?"

Mwalimu mmoja akacheka. Halafu wawili.

Uliangalia mikono yako, ukaipangusa kwenye suruali, ukauokota mtaimbo ukaufunga tena kwenye gunia pole pole, mafundo mawili, kama mtu ambaye saa yake ya kazi imefika mwisho. Ukawaaga walimu mmoja mmoja. Mimi uliniambia, "Haya, Mwikali." Ukapanda ile njia ya kutoka shimoni na magoti yako mabovu, ukatembea mpaka Kibera. Niliendelea kuongea na mwalimu mkuu kuhusu nafasi kati ya mti na mti. Sikugeuka, lakini nilihesabu hatua zako mpaka ziliponipotea.

Kuanzia siku hiyo uliniita Mwikali.

Mvua ndefu zikaja. Mwezi wa saba wazazi walipiga picha chini ya majakaranda yangu, na kweli yalikuwa na majani, ingawa yalikuwa yameanza kuwa ya manjano kwenye ncha. Mwezi wa tisa upepo uliangusha moja watoto wakiwa gwarideni. Asante Mungu halikumgusa mtu. Mwalimu mkuu akanipigia simu, na nilipofika nikaona kilichokuwa chini. Mizizi ilikuwa bado imejiviringa kwa umbo la mfuko nilimoitoa. Miezi yote ile haikuwa imetoka hata nje kidogo. Ilikuwa laini, na inanuka. Ilikuwa imeoza miguu.

Mwaka ulipoisha yalikuwa yamekufa majakaranda ishirini na moja.

Nilikuja Silanga asubuhi, siku ya kazi, nikiwa na hotuba yangu kichwani. Nilikuwa nimepanga nitakavyoanza na nitakavyomaliza. Nilikukuta umepiga magoti kwenye vijia vya miche, unakohoa kile kikohozi kikavu cha mawe. Nikasema, "Baba, nimekuja kusema kitu."

Ukanyoosha bomba moja bila kunitazama. "Shika huu. Mkono wangu umechoka."

Nikashika. Ukanipa lingine, na lingine, mpaka mikono yangu ikajaa, na mtu aliyejaza mikono miche hawezi kutoa hotuba. Ulifanya makusudi. Mpaka leo naamini ulifanya makusudi. Kisha ukasema, "Jumamosi twende nyumbani. Kuna kitu hukuwahi kuona."

Tukaenda Makueni. Kaka yako alitupokea, tukanywa chai, na kabla jua halijawa kali ukanipeleka nyuma ya maboma, mahali ambapo shamba linaisha na mawe meusi yanaanza, chini ya milima ya Chyulu. Nilikuwa nimeyasoma kwenye vitabu, Baba. Nilikuwa nimejibu swali la mtihani juu yake. Lakini sikuwa nimeyaona. Yalikuwa kama shamba lililolimwa likaganda palepale, madongoa juu ya madongoa, meusi, makali, yanatoa joto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Ulisema babu zenu waliambiwa na babu zao kwamba moto ulitoka ardhini ukatembea kama uji, na ulipopoa ndio hayo.

Na juu yake kulikuwa na miti.

Uliniambia nikae karibu na mmoja, mdogo, unanifikia begani, shina limejipinda kama mtu anayepita mlango mfupi. Ukaniuliza mti huo una miaka mingapi. Nikasema mitano, labda sita. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Huu nilikuwa nauruka nikiwa mvulana, nikichunga mbuzi. Ulikuwa unanifika kiunoni." Halafu ukanionyesha ng'ambo ya kijia, kwenye udongo mwekundu, mti wa aina ile ile umesimama mrefu, ndege wamejaa. "Mbegu ni moja. Yule alipata udongo, akaenda juu. Huyu alipata jiwe, akaenda chini."

Ukanifanya niufuate mzizi. Hilo sitalisahau. Nilipiga magoti nikaufuata kwa mkono, umelala bapa juu ya jiwe kama mkanda, unapinda, unaingia ufa, unatoka, unaingia mwingine. Nilitambaa mbali mno. Nilipogeuka kukutazama ulikuwa mdogo kule nyuma, umekaa karibu na shina, na mzizi bado ulikuwa unaendelea.

Ukanionyesha yote kwa mpangilio wako. Kwanza yale madoa ya kijivu na ya machungwa yaliyoshika jiwe, ambayo ndiyo huanza kulila kidogo kidogo. Kisha kuvu na majani madogo kwenye kivuli cha ufa, yanayokamata vumbi la upepo mpaka linakuwa kiganja kimoja cha udongo. Kisha mbegu inayoangukia kiganja hicho. Ukanionyesha ule mti wa shina nene lenye gome linalobanduka kama karatasi, hauna hata jani moja. Nikasema umekufa. Ukachukua mkono wangu ukakwaruza gome kwa ukucha wangu mwenyewe. Chini ilikuwa kijani kibichi. "Huyu hula jua kwa ngozi," ukasema. "Majani ni ya wakati wa maji. Wakati wa jua anayaacha, anabaki na maji yake tumboni." Ukanionyesha muumo, ule mti wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu wanauita mugumo, umekaa juu ya jiwe tupu ambapo ndege aliangusha mbegu, mizizi yake myeupe imemwagika pande zote kama nta ya mshumaa, kila mmoja unatafuta njia ya kushuka.

Kulikuwa na tawi kavu limeanguka. Ulilikata kwa msumeno wa kaka yako ukanipa kipande. Kilikuwa kizito kama chuma. Nikajaribu kuhesabu miduara ya miaka nikashindwa, ilikuwa imebanana mno, mwembamba juu ya mwembamba. Nilikuwa nimesomeshwa kwamba mti unaokua polepole una kasoro fulani. Pale nilikuwa nimeshika mti uliokua polepole, na hakuna kasoro niliyoiona.

Ndipo nikaanza tena, "Baba, ile siku shuleni..."

Ukaniambia, "Mwaitu, angalia nyoka unapokaa."

Basi. Hivyo ndivyo jina langu lilivyorudi. Nilikaa juu ya jiwe la moto nikalia, na wewe ukajifanya unatafuta nyoka.

Kazi tuliyofanya baada ya hapo watu wa shule waliiona, lakini hawakujua walichokuwa wakiona. Walimwona mzee mwenye nyundo anagonga sakafu ya uwanja huku ameinamisha sikio. Walimwona anazunguka na kibuyu cha maji, anamimina kidogo hapa, kidogo pale. Maji yakikaa, anapita. Yakizama ghafla, anaweka kokoto, nami nakuja nyuma na mche. Ile miche yako ya mabomba ilitoka na mzizi ulionyooka, mrefu mara tatu ya shina, na tuliushusha ndani ya ufa kama mtu anavyotia uzi kwenye sindano. Tulijaza vumbi la mawe na mbolea kidogo, tukapanga mawe upande jua linakotokea. Na ukakataza kumwagilia kila siku. Mlinzi wa shule alikuwa na huruma, alikuwa akimwaga maji ya kufulia, ukamkuta. "Mzee, usimzoeshe. Atakaa hapo juu akikungoja wewe, na wewe utaenda likizo."

Mwalimu mkuu alivumilia. Lakini siku moja aliniita kando. "Madam, kwani hii miti ya mzee haikui?" Nikamwambia inakua upande ule mwingine. Akanitazama kwa shaka, lakini hakutung'oa. Namshukuru kwa hilo.

Nakumbuka pia ulivyosimama mbele ya lile jakaranda langu moja lililobaki. Uligonga jiwe pembeni yake, ukasikiliza, ukatingisha kichwa. Chini ya shimo lile kulikuwa na mshipa ambao hata wewe ulikuwa umeukosa. Ukasema, "Huyu amenishinda," na ukafurahi kwa kweli, ukalishika shina kama mtu anayempa mwingine mkono.

Ulitutoka mwezi wa pili, jua likiwa kali. Madaktari walisema ni vumbi, miaka yote ile ya vumbi limekaa kifuani. Wiki iliyofuata baada ya mazishi nilienda shuleni peke yangu. Hakuna mti uliokuwa na jani. Yote ilikuwa vijiti vimesimama kwenye nyufa, na watoto walikuwa wanapitia katikati wakicheza. Nilipiga magoti kwenye wa kwanza nikakwaruza kwa ukucha. Kijani. Wa pili, kijani. Nilizunguka uwanja mzima nikikwaruza, na mwalimu aliyecheka siku ile alisimama dirishani akinitazama. Kisha akatoka, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kukwaruza naye. Kati ya miti arobaini tuliyopanda, iliyokuwa imekauka kabisa ilikuwa minne.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Miti yako si mirefu, Baba, sitakudanganya. Michache imenipita kichwa. Muumo umeshika ukuta wa kwari, umeteremsha mizizi kama pazia, na watoto wa darasa la kwanza wanakunywa uji chini yake. Mgunga ule wa karibu na lango umepinda kuukwepa upepo na kuna ndege amejenga. Sasa naitwa shule nyingine zenye mwamba, Kawangware na hata nje ya Nairobi, na naenda na nyundo.

Mwezi uliopita shule ilichora kibao ikakipigilia langoni: "Bustani ya Bi. Mwikali, Mtaalamu wa Miti." Walikusudia mema. Nilikisoma mara mbili. Nikamwendea mwalimu mkuu nikamwambia jina lililo hapo silo, mwenye bustani ni baba yangu. Akasema kibao kitachorwa upya, lakini wazazi watataka kujua huyo mzee ni nani. Ndiyo maana barua hii itasomwa siku ya wazazi, na ndiyo maana nimeandika hata lile swali langu, neno kwa neno, ili asiwepo mtu atakayedhani nilikuwa mwema kwako siku zote. Wewe hukusomea miti. Uliishi nayo, ukaishi na mawe, ukayajua yote mawili mahali yanapokutana. Mimi nilikuwa na kitabu na nikakidhani ni macho.

Nisamehe, Baba. Uliniziba mdomo mara mbili kwa huruma yako, lakini bado nina haja ya kulisema.

Jumapili nilimsomea Mama barua hii mpaka hapo, pale Laini Saba, nikidhani atalia. Aliendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza akasema, "Kumbe hukujua?" Nikamuuliza kujua nini. Akaniambia kwamba siku ile ulifika umechoka, vumbi mpaka magotini, ukakaa kitandani bila kuvua viatu. Akakuuliza, "Baba Mwikali, kuna nini?" Ukamwambia, "Mwikali amenifukuza shuleni." Mama akaanza kukasirika kwa niaba yako, akatafuta viatu vyake aje anitafute. Na wewe ukamshika mkono.

"Wacha," ulimwambia. "Lakini Mama Mwikali, ungemsikia. Amesimama katikati ya walimu wote, na mwalimu mkuu anamngojea aseme. Mtoto wetu. Anaongea, na wao wanaandika."

Mama anasema kesho yake asubuhi uliwasimulia majirani wote hilo la mwisho, mpaka fundi wa viatu, na hilo la kwanza hukumwambia mtu mwingine tena.

Lala salama, Baba. Mvua zimekaribia, na nina miche ya kushusha.

Ni mimi, binti yako na mama yako,
Mwikali